UZI: Nilinunua Probox yenye gazeti ndani ya bodi. Mnaotafuta gari la mkononi Kigoma na Tabora, someni kwanza

Mgebuka Mkavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Niko Mwanga, hapa Kigoma mjini. Nina kiduka cha vifaa vya ujenzi na mzigo wangu mwingi unakwenda Kasulu, kwa hiyo mwaka juzi nilijichanga nikanunua Probox nyeupe, namba D. Si kwenye yadi, ni kwa mtu, kupitia dalali. Naandika leo kwa sababu mdogo wangu kanipigia kutoka Urambo, anataka gari, na swali lake la kwanza lilikuwa lile lile nililouliza mimi: "Injini yake ikoje?"

Nikamwambia injini iache kwanza. Injini ikifa utaagiza nyingine Dar, itapanda lori, utafungiwa, maisha yanaendelea. Bodi ikishapinda hiyo ndiyo ndoa yako.

Nisimulie. Gari nililetewa saa kumi na mbili jioni, limetoka kuoshwa, bado linachuruzika. Linang'aa kama la bwana harusi. Nikafungua boneti, nikategesha sikio kwenye injini kama daktari, nikachomoa kijiti cha oili, nikaliendesha mpaka Kibirizi na kurudi. Nje nililizunguka mara moja, nikapiga tairi teke (hivi ile teke huwa tunapima nini?), nikalipa.

Mvua za Novemba zilipoanza, juu ya tairi la nyuma kushoto pakaota lengelenge, kama la mtu aliyemwagikiwa uji. Nikalibonyeza, kidole kikazama. Siku mbili baadaye tulipiga shimo njiani, kikadondoka kipande kikubwa kama kiganja na kinene kama slesi ya mkate. Puti tupu, ule udongo wa mafundi wa kujazia bodi. Na nyuma ya puti, wakuu, kulikuwa na gazeti. Bati lilikuwa limeliwa na kutu likawa tundu, mtu akakunja gazeti akalishindilia, akapaka puti juu, akapuliza rangi. Ukurasa wa michezo. Nimesoma nusu ya kichwa cha habari nikiwa nimechuchumaa kando ya barabara.

Hilo ni dogo. Nilipolipeleka kwa fundi likapandishwa juu, ikaonekana lilishawahi kupigwa nyuma likanyooshwa kwa minyororo. Ndiyo maana tairi lile lilikuwa linaliwa upande wa ndani tu, hata nipige alaimenti (kunyoosha tairi) mara ngapi. Gari linatembea kiupande, kama kaa. Unaweza kulijaribu hivi: pitisha gari kwenye dimbwi, kisha nyoosha moja kwa moja kwenye lami kavu, shuka utazame michirizi ya maji. Tairi za nyuma zinatakiwa kukanyaga mule mule zilimopita za mbele. Zangu zilichora michirizi minne.

Sasa hivi mtu akinipeleka kuangalia gari nafanya hivi.

Naenda asubuhi au mchana, gari likiwa kavu, na liwe limeoshwa jana, si leo. Maji yanaziba mikwaruzo na mawimbi ya rangi, vumbi letu jekundu nalo linaziba vile vile. Nasimama kwenye kona ya nyuma, nainama mpaka macho yawe usawa wa vitasa vya milango, natazama ubavu wote kuelekea taa ya mbele. Natafuta kitu kilichonyooka jirani, nguzo ya umeme au ukingo wa bati la duka, naangalia kivuli chake, kama cha kwenye kioo, kinavyopita kwenye rangi. Kwenye bati la kiwandani kinapita kimenyooka. Kwenye puti kinayumba kama fimbo iliyochomekwa majini.

Halafu maungio. Weka kidole kwenye mwanya wa boneti na fenda (bati la juu ya tairi la mbele), kitembeze kuanzia kwenye taa mpaka kwenye kioo, kisha fanya hivyo upande wa pili. Mwanya usianze mwembamba ukaishia mpana, na pande zote mbili zilingane. Milango hivyo hivyo, buti hivyo hivyo. Fungua kila mlango na uufunge taratibu. Unaohitaji kusukumwa na nyonga una habari yake.

Na hili nimeligundua mwenyewe, sijaliona popote: vumbi. Gari lililofanya kazi mkoa wetu miaka mitatu minne linabeba vumbi jekundu kwenye mikunjo ya ndani ya milango, chini ya mipira, kwenye bawaba, mahali ambapo muosha magari hafiki. Ukikuta milango mitatu imekolea wekundu na wa nne msafi kama sahani ya wageni, uliza huo wa nne umetoka wapi.

Karibuni mchangie. Mafundi mliomo humu msijifiche.

Reli ya Kati

Gazeti la mwaka gani mkuu? Tujue gari liligongwa lini 😂

Mgebuka Mkavu

Tarehe ilikuwa kwenye kipande kilichobaki ndani ya gari.

Kijana wa Gungu

Mkuu nakuheshimu ila hapa unapotosha. Bodi ni urembo. Mimi nina Carina imebonyea pande zote kama sufuria ya shule na inanipeleka Kasulu kila wiki. Injini na giaboksi ndiyo gari, mengine sanduku.

Mgebuka Mkavu

@Kijana wa Gungu, umenisaidia kueleza. Hiyo Carina yako niuzie mimi! Kubonyea kunakoonekana hakunitishi hata kidogo, naona na naomba punguzo. Ninachoogopa ni bodi laini isiyo na hata mkwaruzo kwenye gari la miaka ishirini. Gari limepita Uvinza, limepita Kibondo, limebeba watu na mahindi, halafu halina hata alama ya jiwe kwenye boneti? Basi boneti hiyo haikuwepo safari hizo.

Fundi wa Ujiji

Nimeitwa nimekuja. Nipo kwenye puti na msasa tangu mwaka 2004 na niseme ukweli, mambo mengi mnayolalamikia tumeyafanya sisi. Mteja anakuja na laki mbili kwa kazi ya laki sita, anasema "fundi niwekee ing'ae tu, naiuza." Tunaiwekea ing'ae.

Kwanza muelewe puti si dhambi. Hata kazi nzuri ina puti, milimita moja mbili za kusawazisha. Dhambi ni kuitumia kama bati. Chukua sumaku ndogo, ile ya mlango wa friji inatosha, ifunge kwenye kitambaa laini usije ukakwaruza gari ya watu. Ipitishe chini ya milango, kwenye matao ya tairi, kwenye kona za nyuma. Ikivuta sehemu moja na sehemu nyingine ikateleza, hapo pamejazwa. Ila usijiaibishe: bampa ni plastiki, na zipo gari zenye boneti ya aluminiamu, Prius kwa mfano. Hapo sumaku haishiki na hakuna aliyekuibia. Wenye kipimo cha unene wa rangi watakwambia rangi ya kiwandani ni kati ya mikroni 100 na 160 hivi (mikroni elfu moja ndiyo milimita moja). Ukikuta 300 imerudiwa. Ukikuta 1000, chini yake kuna puti.

Pili, ukucha. Fungua mlango, pitisha ukucha kwenye kona ya ndani ya nguzo, pale mpira unapoishia. Sisi tunapopuliza tunaziba kwa gazeti na solotepu, na solotepu ikitolewa inaacha ukingo mdogo sana. Jicho halioni ila ukucha unagota. Ung'oe na mpira kidogo, utazame chini yake kama rangi ni ile ile. Angalia pia rangi iliyorukia kwenye plastiki za chini ya waipa, kwenye mipira ya vioo, ndani ya tao la tairi, hata kwenye bomba la ekzosi. Kijana akiwa na haraka hazibi vizuri.

Tatu, bolti. Hii ndiyo naangalia mimi nikienda kununua. Bolti za fenda na za bawaba za milango na boneti kiwandani zinafungwa kwanza, ndipo bodi inapakwa rangi, kwa hiyo kichwa cha bolti na bati vinafanana na rangi haijakatika. Spana ikiingia hata mara moja inamenya kona za kichwa. Ukikuta bolti za fenda ya kulia zima na za kushoto zimemenyeka, fenda ya kushoto imeshatoka.

Fenda kutoka si msiba. Msiba uko nyuma yake. Inama na tochi, tazama bati za ndani pembeni ya injini na fremu inayoshika rejeta. Kiwandani wanachomelea kwa nukta nukta, duara ndogo zilizopangana kama mshono wa cherehani. Mimi gereji sina mashine ile, nachomelea kwa mkono. Ukikuta mshono umevimba, umesagwa kwa grainda, umepakwa kitu cheusi cha kuficha, pua ya gari hiyo imeshakatwa. Nyuma nako nyanyua mkeka wa buti, toa tairi ya akiba, tazama sakafu. Bati ya sakafu iliyokunjamana kama nguo isiyopigwa pasi imeshapigwa nyuma. Mleta uzi angenyanyua mkeka tu.

Mgebuka Mkavu

Ningenyanyua mkeka tu. Niliweka mzigo juu yake siku ile ile.

Mzee wa Kliaringi

Mimi nilishughulika na magari bandarini Dar kwa muda mrefu, sasa nimerudi nyumbani Tabora. Niongezee jambo kwa wanaoambiwa "hili limekuja safi kutoka Japan, karatasi hii hapa."

Karatasi hiyo ya mnada wa kule Japan ina mchoro wa gari na herufi juu yake. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipotengenezwa pakabaki mawimbi, S kutu, C kutu iliyokwisha kula bati. XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa, A1 ukwaruzo mdogo, A3 mkubwa. Ukiona daraja la gari limeandikwa R au RA, limeshagongwa na kutengenezwa kule kule. Hakikisha namba ya chesesi ya kwenye karatasi ndiyo iliyogongwa kwenye bati la gari na ndiyo iliyo kwenye kadi. Mahali ilipogongwa tazama kama pamesagwa au pamepakwa rangi mpya. Karatasi za kughushi zipo. Na hata ya kweli inaeleza siku ile ya mnada tu, ya Dodoma na Singida haiyajui.

Magari ya kaskazini mwa Japan, Hokkaido na kule kwenye theluji, barabara zao humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Juu linakuja zuri, chini limeliwa. Ingia uvunguni.

Reli ya Kati

Chumvi tunayo hapa hapa mzee wangu. Pikapu iliyobeba chumvi ya Uvinza usiiguse bila kung'oa mkeka wa nyuma. Shemeji yangu alinunua moja, sasa akibeba mchanga anaupunguza njiani kidogo kidogo.

Dagaa Mbichi

Na zilizobeba samaki wa barafu. Maji ya barafu yanashuka kwenye mishono ya buti na yanakaa. Harufu ya mgebuka wanaipulizia manukato ya vanila. Ukiingia kwenye gari ukahisi keki, fungua buti.

Dada wa Isevya

Jamani naomba nisaidiwe, nipo Tabora. Kuna IST ya rangi ya fedha nimeonyeshwa Kanyenye, milioni tisa na nusu. Muuzaji anasema ilikuwa ya mwalimu, imetumika hapa mjini tu, haijawahi kugongwa. Nimeiona mara moja jioni nikaipenda. Fenda na mlango wa mbele kushoto naona kama vimekolea zaidi lakini nikasema labda ni kivuli. Kesho nairudia. Niangalie nini zaidi? Sina fundi ninayemwamini.

Fundi wa Ujiji

Dada, rangi ya fedha ndiyo inayotutesa kuliko zote. Ina unga wa aluminiamu ndani, na ule unga unalala kulingana na upepo wa kompresa na mkono wa aliyepuliza. Hata ukichanganya kwa msimbo sahihi, 1F7 kwa Toyota nyingi za fedha, bado kipande kilichorudiwa kinaonekana ukikitazama kwa kona. Nenda saa nne asubuhi, jua likiwa upande. Simama mbele ya taa ya kushoto, tazama ubavu ukielekea nyuma, kisha nenda nyuma utazame kuja mbele. Kikikolea ukiwa mbele na kikapauka ukiwa nyuma, si kivuli.

Bolti, ukucha, sumaku. Na taa: moja ikiwa na ukungu wa njano na nyingine nyeupe pe, nyeupe ni mgeni.

Mzee wa Kliaringi

Binti yangu, tazama na vioo. Magari yetu mengi yamechorwa namba ya gari kwenye kila kioo kwa ajili ya wezi. Kioo kisicho na namba kimebadilishwa. Kama havikuchorwa kabisa, soma nembo ndogo kwenye kona, vyote viwe vya mtengenezaji mmoja. Tairi nazo zina tarakimu nne ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usimwambie muuzaji unachotafuta. Zunguka kimya.

Kijana wa Gungu

Na ukimaliza kuzunguka dada usisahau kuna kitu kinaitwa injini 😏

Dada wa Isevya

Nimerudi. Nilikaa pale karibu saa nzima, dalali akaanza kuangalia saa.

Kivuli si kivuli. Nilisimama mbele nikaenda nyuma kama fundi alivyosema, fenda na mlango wa kushoto vinabadilika, bodi nyingine inabaki vile vile. Bolti tatu za fenda hiyo zimemenyeka, za kulia zote nzima. Vioo vitano vina namba, cha mlango wa mbele kushoto hakina. Taa ya kushoto nyeupe, ya kulia ina njano. Mwanya wa boneti kulia penseli inapita yote, kushoto inakwama katikati.

Na vumbi, kaka Mgebuka! Milango mitatu ndani ya mikunjo ni nyekundu. Wa nne safi.

Mgebuka Mkavu

Nyekundu? Dada, Tabora mjini kwenu udongo ni kichanga, vumbi lake jeupe jeupe, linakaa kwenye viatu kama unga. Wekundu huo naujua, naufua kila Jumapili. Mwalimu huyo alikuwa anafundisha mbali sana na mjini.

Fundi wa Ujiji

Fenda, mlango, kioo na taa, vyote hivyo vinabadilishwa na gari ikabaki nzima, mimi nisingekukataza, ningekwambia ushushe bei. Kinachonisumbua ni mwanya wa boneti. Uliangalia ndani?

Dada wa Isevya

Niliangalia na tochi ya simu. Kulia kuna zile nukta duara, nilizihesabu. Kushoto hakuna, kuna mstari mmoja umevimba na umepakwa kitu cheusi kama lami. Niliuliza ndipo akasema, ah, iligongwa kidogo na bodaboda. Mwanzo alisema haijawahi kugongwa.

Reli ya Kati

Bodaboda ilikuwa imepakia treni?

Fundi wa Ujiji

Achana nayo dada. Bodaboda inavunja taa na kubonyeza fenda. Haifiki huko ndani. Hiyo pua imekatwa na kuungwa, na sijui ameiunga nani na kwa kipimo gani. Siku ukipiga breki kali ndiyo utajua.

Dada wa Isevya

Ameshusha mpaka milioni nane. Moyo unauma, kusema kweli, maana ndani ni safi na inawaka vizuri.

Mgebuka Mkavu

Yangu pia ilikuwa inawaka vizuri. Mpaka leo inawaka vizuri. Nimeshanunua tairi nane.

Kijana wa Gungu

Hapo nakubaliana na mleta uzi, na sitarudia kusema hivyo. Bati la nje sijali, ila lililokatwa ndani hapana.

Mzee wa Kliaringi

Tafuta nyingine binti yangu, IST hazijaisha. Ukiipata, kabla ya kutoa hata shilingi hakikisha jina la kwenye kadi ni la mtu unayemlipa, na muandikishane. Hilo lina uzi wake.

Dada wa Isevya

Asanteni wote. Nimemwambia dalali nimeghairi. Alinuna.

Halafu usiku huu kanipigia, saa mbili kasoro. Anasema nifanye haraka kama bado naitaka, kuna mteja kaja sasa hivi, gari limetoka kuoshwa, analimulika na simu na kalipenda sana. Anauliza injini.